Unachokitupa Ulikinunua: Mhadhara kwa Wafanyabiashara wa Tanga

Assalaam aleykum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, mama zangu, ndugu wafanyabiashara, ahsanteni kwa kunialika.

Mwaliko umesema nizungumzie biashara na mazingira. Najua wengi wenu mkisikia hivyo mnamwona mgeni rasmi kashika mche, kapigwa picha, kapanda gari kaondoka. Wiki ya pili mche umekauka. Mimi leo sikuja na mche, nimekuja na daftari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na mengi yanayochafua mji huu ni mali ya watu inayoisha bila habari. Moshi unaotoka jikoni kwako ni kuni ulizolipia. Maji machafu yanayotiririka mtaroni yalikuja na bili. Hata joto linalopuliza nyuma ya friji ni umeme wa LUKU uliyonunua juzi.

Tuanze na mkonge, maana Tanga huwezi kutaja biashara ukauruka. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, upande wa Pangani. Kutoka hapo tukafika mwaka 1964, nchi ikizalisha karibu tani 230,000 na kuongoza dunia. Historia hiyo mnaijua, na tunajivunia. Lakini mgeni akienda shambani anapelekwa mbele ya korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge yatoe nyuzi, anaonyeshwa nyuzi zinavyotoka, halafu uanikaji wake unavyopendeza. Mimi nawaomba siku moja mzunguke nyuma. Katika kila kilo 100 za majani yanayoingia, nyuzi ni kama kilo nne. Zilizobaki ni maji na makapi.

Yale makapi yakirundikwa yanaoza ndani kwa ndani bila hewa na kutoa methani, gesi inayopasha dunia joto kwa nguvu mara nyingi kuliko hewa ya ukaa. Maji yake ni makali. Yakiingia mtoni yanamaliza oksijeni na samaki wanakufa. Sasa fungua daftari. Mkata mkonge alilipwa kwa jani zima. Trekta lilibeba jani zima. Korona ilizunguka kwa ajili ya jani zima. Sokoni ikaenda sehemu nne katika mia! Pale Hale, kwa ushirikiano na UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, mwishoni mwa miaka ya 2000 ulijengwa mtambo wa kugeuza makapi hayo kuwa biogesi na gesi kuwa umeme, na tope linalobaki likawa mbolea ya kurudi shambani. Hakuna malighafi mpya iliyonunuliwa. Ilikuwepo nyuma ya mashine siku zote.

Kila mmoja wenu ana korona yake. Mwenye hoteli, iko kwenye ndoo ya mabaki. Mwenye karakana ya mbao, iko kwenye pumba anazochoma jioni. Mnunuzi wa machungwa ya Muheza, iko kwenye yale yaliyopondeka njiani kwa sababu yalijazwa kwenye viroba badala ya kreti.

Hapo hapo kwenye mkonge niseme jambo moja la kukera kidogo. Kilichoangusha bei ya mkonge ni kamba za plastiki, hasa za polipropilini, zilizochukua nafasi ya kamba zetu kwa wakulima wa Ulaya na Marekani. Tarehe 1 Juni 2019 serikali ikapiga marufuku mifuko ya plastiki. Tukapokea ile mifuko inayofanana na kitambaa, tukaiita mifuko mbadala. Ile nayo ni polipropilini! Ni plastiki iliyoshindiliwa ikafanana na kitambaa. Kiwango kinataka isipungue gramu 70 kwa mita ya mraba ili irudiwe kutumika mara nyingi. Ile laini inayochanika kabla hujafika nyumbani haifiki hapo. Kwa hiyo mji wa mkonge unabebea vitunguu kwenye kitu kile kile kilichoufilisi. Sisemi kesho muanze kushona mifuko ya katani kwa kila mteja, bei haitakubali. Nasema muuzaji amuulize mteja kabla ya kumpa mfuko. Wengi wana kikapu mkononi na sisi tunawavisha mfuko juu ya kikapu.

Tuingie kwenye umeme. Kwa tarifa ya kawaida ya biashara, uniti moja ukijumlisha na kodi inapita shilingi 350. Andika mita kila asubuhi unapofungua na kila jioni unapofunga. Fanya hivyo wiki mbili tu. Ile tofauti ya usiku, wakati duka limefungwa na wewe umelala, ndiyo itakushangaza.

Mara nyingi mla umeme wa usiku ni friza. Chukua noti, ibane kwenye mlango wa friza, ufunge, halafu uivute. Ikitoka kirahisi, mpira umekwisha na baridi inavuja usiku kucha. Mpira ni bei ndogo ukilinganisha na friza. Isogeze friza mbali na ukuta ipumue, usiiweke karibu na jiko, na barafu ikijaa ndani iyeyushe. Nimeona friza za vinywaji zimepangwa nje barazani, jua la saa nane linazipiga kifuani, mwenyewe analalamikia TANESCO. Kivuli ni bure, jamani. Na hapo ndipo nakubali habari ya mti: panda upande wa magharibi wa jengo, uzuie jua la alasiri. Kama hakuna nafasi ya mti, paka bati rangi nyeupe.

Kiyoyozi kiweke nyuzi 24 au 25 na chujio lisafishwe. Taa, wengi mmeshahamia LED, sitapoteza muda.

Wenye viwanda na mashine kubwa, someni bili yenu vizuri. Mnalipia uniti, lakini mnalipia pia kile kilele cha matumizi kinachopimwa kwa kVA. Mota zote zikiwashwa kwa pamoja saa mbili asubuhi, kilele hicho mnakilipia mwezi mzima. Ziwasheni kwa kupishana, na fundi awapimie kama mnahitaji kapasita, kifaa cha kupunguza kVA mnazolipia.

Kisha sola. Nimeiweka mwisho kwa makusudi. Mtu mwenye friza inayovuja akinunua sola, amenunua paneli za kulisha uvujaji. Ziba kwanza, ndipo upige hesabu ya paneli, utahitaji chache.

Jikoni sasa. Mnajua taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilipewa hadi mwisho wa Januari 2024 ziache kuni na mkaa, na mpango wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mama lishe wa Ngamiani sheria haijamgusa bado, lakini bei ya gunia imeshamgusa. Tanuri la kienyeji hula kilo tano mpaka kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa, kwa hiyo gunia lile linakuja na msitu nyuma yake. Maharage yakilowekwa usiku na kupikwa kwenye jiko la presha la umeme, kilo moja inaiva kwa chini ya uniti moja. Chapati sitabishana na mtu, kila mpishi ana dini yake. Anza na maharage.

Maji ya bomba tunayokunywa mjini yanatoka mto Zigi, yanakusanywa bwawa la Mabayani, na chanzo chake ni misitu ya Usambara Mashariki. Mkulima wa kule juu akilima mpaka ukingoni, udongo unashuka bwawani na gharama ya kusafisha maji inapanda. Mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji iliuza hatifungani ya kijani, yaani iliwakopa watu pesa kwa ajili ya mradi wa kutunza mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka kumi, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ikajaa na kupitiliza, na sasa iko Soko la Hisa Dar es Salaam. Nawaambia wale wanaodhani mazingira ni habari ya wafadhili: watu waliweka pesa zao pale kwa sababu kuna faida na kuna hesabu inayokaguliwa. Benki nazo zitaanza kuwauliza hesabu hizo. Mwenye daftari la miaka miwili atakuwa na cha kuonyesha.

Taka, kwa kifupi: tenga mbichi na kavu, ndoo mbili. Mbichi ikigusa karatasi na chupa, mnunuzi wa chupa hataki tena. Na msichome plastiki nyuma ya duka.

Kuna kijana pale nyuma kaniuliza kuhusu betri za sola zilizokufa. Swali zuri. Betri ya risasi, ile metali nzito yenye sumu, usiivunje na tindikali yake usiimwage, si chooni wala shambani. Risasi ikiingia ardhini haitoki, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Ihifadhi ikiwa imesimama, pakavu, umuuzie mnunuzi mwenye kibali cha kushughulikia taka hatarishi. Unaponunua mpya, muulize muuzaji kama anapokea ile ya zamani na kukupunguzia bei. Mzee wangu uliyeuliza habari ya kapasita, hilo linahitaji bili mkononi. Baki tukimaliza, tuitazame pamoja.