Dawa ya Deni ni Kulipa: Tunapoingoja Filamu ya Tatu ya Dune

Itifaki imezingatiwa, tuingie kazini.

Kila inapotangazwa kwamba riwaya fulani inatengenezewa filamu, swali ni lilelile: "Je, itakuwa kama kitabu?" Haitakuwa. Nimeshajibu. Swali hilo tuliache mlangoni pamoja na viatu.

Hesabu yenyewe inakataa. Ukurasa mmoja wa muswada wa filamu, ukiandikwa kwa mpangilio wao wa kawaida, huchukua kama dakika moja kwenye skrini. Filamu ya saa mbili na nusu ni kurasa 150 hivi, na kurasa zile zina uwazi mwingi kuliko maneno. Dune ya Frank Herbert, iliyochapishwa kuwa kitabu mwaka 1965, ni mamia ya kurasa zilizojaa mpaka ukingoni. Mwongozaji Denis Villeneuve aliigawa mara mbili, dakika 155 mwaka 2021 na dakika 166 mwaka 2024, na bado akaacha mengi nje. Kuna mtu pale nyuma anataka kusema, "Si wangefanya tamthilia ya televisheni?" Ilifanywa mwaka 2000, sehemu tatu. Muda ulipatikana, lakini jangwa likawa la ndani ya studio.

Kwa hiyo mimi nawasihi muulize jambo jingine. Kila tukio linaloondolewa kwenye kitabu lilikuwa limebeba mzigo. Mwongozaji akiliondoa amekopa, na mzigo ule itabidi ubebwe na kitu kingine mahali pengine. Akilipa vizuri, hamtajua hata kama alikopa. Asipolipa, mtatoka ukumbini mkisema, "Filamu nzuri, ila sikuelewa kwa nini yule bwana..." Hiyo "sikuelewa" ndiyo riba.

Nawaona wanaonijua wameshaanza kucheka. Wanajua naelekea kwenye taulo. Naam, tunakwenda kwenye taulo.

Katika kitabu cha kwanza, familia ya Atreides imehamia Arrakeen, mji wa Arrakis, sayari isiyo na maji, na baba wa familia, Leto, anaandaa karamu. Wenyeji wana desturi: mgeni akiingia ananawa mikono kwenye beseni, anamwaga vikombe kadhaa vya maji sakafuni kwa makusudi, kisha anajifutia taulo na kulitupa kwenye dimbwi lililotuama pale chini. Karamu ikiisha, maskini wanajikusanya nje kungojea maji yanayokamuliwa kutoka kwenye taulo zile. Leto anaona, anakasirika, anapiga marufuku. Anaagiza kila atakayekuja nje apewe kikombe kizima cha maji safi. Basi. Hakuna vita, hakuna mnyoo wa jangwani, hakuna mlipuko. Lakini tazama kilichobebwa na taulo moja: bei ya maji, jeuri ya matajiri wa mji ule, huruma ya Leto, na kosa lake pia, kwa sababu anavunja desturi mbele ya watu wenye mali kabla hajajua nani ni nani. Halafu wanakaa mezani: mfanyabiashara wa maji yupo, wakala wa benki ya Chama cha usafiri wa angani yupo, Kynes mwanasayansi yupo, na kila mmoja anasema moja huku akimaanisha la pili. Paul, mwana wa Leto, kijana wa miaka 15, anamchokoza wakala yule kwa mfano wa mtu anayezama majini na kumkanyaga mwenzake mabegani ili apumue. Jessica, mama yake, anasikiliza sauti ya kila mgeni na kumpima. Sisi wasomaji tumekaa ndani ya kichwa chake, na utamu wote uko humo.

Sasa mpe mtu wa kamera tukio hilo. Ataona nini? Watu wanakula. Ndiyo maana halimo katika filamu ya David Lynch ya mwaka 1984, wala halimo katika ile ya 2021. Wapenzi wa kitabu wanalia hadi leo, na mimi nasema kilio chao hakikupigiwa hesabu. Tazameni malipo. Katika filamu ya 2021 kuna mzee anamwagilia mitende nje ya kasri. Anamweleza Paul kwamba kila mtende unakunywa maji ya watu watano kwa siku. Mitende 20, roho 100. Hesabu hiyo haikutungwa na Villeneuve. Imo kitabuni kwenye mdomo wa Yueh, daktari wa familia: mtende lita 40, mtu lita 8, gawanya. Mwongozaji ameichukua, ameihamisha kwa mtunza bustani, ameiweka juani mbele ya watu wanaotazama mitende ile, na kwa muda mfupi sana amelipa deni la taulo. Hakulipa lote. Wafanyabiashara wa mji hatuwajui mpaka leo. Lakini bei ya maji tumeilipia.

Lynch yeye alikopa kwa njia nyingine. Aliona mawazo ya ndani hayapigiki picha, akaamua kuyasoma kwa sauti ya kunong'ona juu ya nyuso za waigizaji. Mwigizaji ameshaonyesha hofu, halafu mnong'ono unatuambia anaogopa. Istilahi zilikuwa nyingi mpaka katika baadhi ya kumbi watazamaji waligawiwa karatasi yenye maana za maneno. Filamu ikihitaji karatasi mlangoni, ujue deni limemshinda mkopaji, amemwachia mteja. Na mwishoni akanyesha mvua. Mvua, Arrakis! Kitabuni maji mengi yanamuua mnyoo mkubwa, na bila mnyoo hakuna kile kiungo ambacho himaya nzima inakipigania. Mvua ile ya furaha ingefilisi ulimwengu wote. Ndiyo maana kutoka pale huwezi kwenda kwenye kitabu cha pili, hata ukipewa fedha zote.

Na hapo ndipo tulipo. Filamu ya tatu ya Villeneuve, iliyotangaziwa tarehe 18 Desemba 2026, inatokana na kitabu hicho cha pili, Dune Messiah, cha mwaka 1969. Nitaeleza yaliyomo, na atakayelalamika nimemharibia uhondo akumbuke kitabu kimekuwapo tangu mwaka huo. Muda alikuwa nao.

Kabla ya madeni, dakika moja ya maneno, kwa sababu msomaji wa Kiswahili ana bahati ambayo wengine hawana. Muad'Dib, jina la Paul, linaelezwa kitabuni kuwa ni mwalimu wa vijana. Sikio lako limeshasikia adabu ndani yake. Lisan al-Gaib: ghaibu hiyo. Fedaykin, askari waliojitoa mhanga, ni jamaa wa fidia. Ghanima, binti wa Paul, ni ghanima kweli, mali ya nyara. Ila tahadhari: Stilgar, mmoja wa Fremen, watu wa jangwani, ni "naib", nasi tutadhani ni naibu wa mtu. Siyo. Ni kiongozi aliyeapa kutotekwa akiwa hai. Filamu mbili za kwanza zililikwepa neno jihadi, zikasema vita vitakatifu. Kitabuni Herbert ameliandika wazi, na katika kitabu cha pili vita hivyo vimeshapita. Paul anatoa hesabu mwenyewe akiwa amekaa chumbani: wafu bilioni 61, sayari 90 zimefanywa ukiwa. Sentensi moja ya mazungumzo. Filamu haiwezi kuridhika na sentensi.

Deni la kwanza ni Chani, mwanamke wa Fremen, mpenzi wa Paul. Kitabu cha kwanza kinaisha Chani akiwa bado kwa Paul kama suria, na Jessica akimtuliza kwamba historia itawaita wake. Filamu ya 2024 inaisha Chani amekasirika, ameondoka, yuko jangwani anamngojea mnyoo wa kumbeba. Picha nzuri sana, na mkopo mkubwa kuliko yote. Kwa nini? Kwa sababu mtambo wa Dune Messiah unaendeshwa na chakula. Imepita miaka 12. Irulan, mke wa ndoa wa Paul asiyeguswa, anamwekea Chani kwa siri dawa ya kuzuia mimba. Chani anaanza kula mlo wa kale wa Fremen, hila ile inakatika, anashika mimba, lakini dawa imeshaharibu mwili, na anafariki akijifungua. Ukali wa jambo ni kwamba Paul alikuwa anajua. Kuzaa ndiko kutakakomuua Chani, hivyo kila siku Irulan alipomdhulumu alikuwa pia anamrefushia maisha. Sasa niambieni: Irulan atamtilia dawa kwenye sahani gani mwanamke aliyeko jangwani juu ya mnyoo? Lazima Chani arudi, na arudi kwa sababu inayolingana na hasira tuliyoiona. Akirudi kwa mapenzi matupu, filamu ya pili itageuka kuwa mzaha.

Deni la pili halizungumzwi kabisa, nalo ndilo linalonikosesha usingizi. Paul anaona yajayo. Basi watu wanne watamfanyiaje njama? Herbert alijibu mapema: mmoja wa wala njama ni Edric, nahodha wa Chama, anayeelea ndani ya tangi la gesi ya rangi ya chungwa. Naye anaona yajayo, na mwonaji mmoja humzuia mwenzake asione. Popote alipo Edric, panakuwa ukungu machoni pa Paul. Watazamaji wa filamu mbili za Villeneuve hawajawahi kuonyeshwa nahodha hata mmoja. Mtu wa bajeti atamtazama yule kiumbe wa kwenye tangi na kusema, "Huyu ghali, tumtoe, njama inabaki na watatu." Akitoka, njama nzima haina mantiki. Usimtoe.

Naona mwenyekiti ananyanyua karatasi. Haya, mbio. Duncan Idaho, askari wa familia ya Atreides, aliuawa mbele yetu mwaka 2021 na anarudi akiwa na macho ya chuma. Waliomfufua, Tleilaxu, hawajatambulishwa popote. Scytale, mwingine wa wala njama, anabadilisha sura, na hatari ni filamu kuufanya mchezo wa mafumbo, wakati kitabuni Paul anamtambua mara moja na kunyamaza. Alia, dada mdogo wa Paul, kitabuni alizaliwa kabla hadithi ya kwanza haijaisha, na akiwa mtoto mdogo akamuua Baron, adui wa familia. Kwenye filamu bado alikuwa tumboni, kwa hiyo kuruka miaka hakuepukiki. Linus Sandgren amempokea Greig Fraser kwenye kamera. Hilo nalipita. Muziki nao naupita.

Moja tu nimalizie, mwenyekiti, nusu dakika. Paul anapofushwa na silaha ya atomiki. Macho hana, lakini anatembea bila kugusa ukuta, kwa sababu alishayaona yote kabla hayajatokea. Kisha watoto wanazaliwa. Katika maono yake aliona binti peke yake. Wanazaliwa wawili, wa kiume naye yupo, na hapo maono yanakatika, giza linakuwa giza kweli. Scytale amewashikia watoto kisu. Paul anarusha chake na kumpata, kwa kuwa ameona kupitia macho ya mwanawe mchanga. Kamera itawekwa wapi? Ikikaa nyuma ya bega la Paul, tumeona kipofu aliyebahatisha. Iwekwe pale watoto walipolazwa, chini, ikimtazama juu mtu mwenye kisu, na nyuma yake, kwa mbali, baba asiye na macho akinyanyua mkono.

Maswali.