Harira: Supu ya Morocco Inayosubiri Unga

HAMISI: Karibuni tena jikoni. Leo tunapika harira ya Morocco, na naanza na malalamiko. Supu ninayoijua mimi ni ya asubuhi, mchuzi mwepesi, ndimu, chapati mbili pembeni. Sasa Zuhura kaniwekea bakuli la kitu kizito kama uji, anasema nayo ni supu!

ZUHURA: Ni supu, kaka, tena yenye heshima zake. Ramadhani pale Morocco, ukisikia adhana ya Magharibi, watu wanaanza na tende, kisha harira. Pembeni yai la kuchemsha la kuchovya kwenye chumvi na bizari nyembamba, na chebakia.

HAMISI: Chebakia ndiyo ile ya asali?

ZUHURA: Ndiyo. Unga unasokotwa mfano wa ua, unakaangwa, unazamishwa kwenye asali, juu ufuta. Unang'ata utamu, unanywa supu ya chumvi. Ukishaonja utaelewa. Na si Waislamu peke yao. Wayahudi wa Morocco nao wengi hufungulia harira siku ya Yom Kippur, siku yao ya kufunga. Ila wakiweka nyama hawaweki samli, kwa sababu dini yao haichanganyi nyama na vitu vya maziwa. Wanatumia mafuta.

HAMISI: Kumbe. Na ni kweli wanarudisha saa nyuma Ramadhani ikikaribia?

ZUHURA: Kweli. Tangu 2018 nchi inakaa saa moja mbele ya GMT mwaka mzima, lakini Ramadhani wanarudi GMT. Jua halibadiliki, ila kwa saa ya ukutani futari inawahi.

HAMISI: Hiyo ningeipigia kura. Haya, sufuria iko motoni. Tunaanza na nini?

ZUHURA: Tunaanza jana yake. Dengu nzima, zile nyeupe kubwa, nusu kikombe, unaloweka usiku kucha. Asubuhi unazisugua kwa viganja maganda yatoke. Mwenye haraka aache, lakini maganda yakibaki utayaona yanaelea.

HAMISI: Nyama?

ZUHURA: Kondoo au ng'ombe, robo kilo inatosha watu sita. Kata vipande vidogo vya kuingia kijikoni, hii si supu ya kung'ang'ana na mfupa. Kaanga na kitunguu kimoja kikubwa kilichokatwa vidogo, tangawizi ya unga, manjano, pilipili manga ya kutosha, mdalasini kidogo. Zafarani ukiwa nayo. Halafu majani: giligilani, paseli na seleri, yote yakatwe vidogo sana. Seleri usiiache. Harira isiyo na seleri ni mchuzi wa nyanya tu.

HAMISI: Pilipili mbuzi moja nzima, ielee tu juu?

ZUHURA: Hapana.

HAMISI: Hata isipasuke?

ZUHURA: Kaka Hamisi, weka kwenye bakuli lako. Ukali wa harira ni wa pilipili manga na tangawizi. Na wao wanatia smen, samli iliyowekwa na chumvi mpaka ikachacha, harufu yake inakutangulia mlangoni. Samli yetu ya kawaida inafaa, kijiko kimoja.

HAMISI: Sawa. Nyanya zinaingia saa ngapi? Maana naona umezikuna pembeni, kilo nzima.

ZUHURA: Wapo wanaotumbukiza vyote pamoja kwenye sufuria ya presha. Mimi nazichelewesha. Uchachu wa nyanya unazifanya dengu zichelewe kulainika. Kwa hiyo nyama na dengu zichemke kwanza na lita mbili za maji mpaka dengu ikibonyezwa inakubali. Hapo ndipo adesi nusu kikombe, zichemke karibu ziive, kisha nyanya na kijiko cha nyanya ya kopo. Nusu saa nyingine.

HAMISI: Mpaka hapa mimi ningepakua. Harufu imeshatosha.

ZUHURA: Na wengi wanapakua hapo, wanasema wamepika harira. Bado! Kuna tadwira. Unga wa ngano, vijiko vikubwa vitano au sita, unaukoroga na nusu lita ya maji ya baridi, unachuja. Wengine wanaukoroga jana yake, wanauacha uchachuke, ndiyo inakuja ile ladha ya uchachu kwa mbali. Kama umewahi kunywa togwa, huo uchachu haukutishi.

HAMISI: Halafu unamwaga.

ZUHURA: Humwagi! Ukimwaga unapata madonge, na donge la unga ndani ya supu halina dawa. Punguza moto, supu iwe inatokota taratibu. Mkono mmoja unatiririsha unga kidogo kidogo, mkono wa pili unakoroga mfululizo, upawa unafika mpaka chini. Unga unapenda kuzama na kuungua, na harufu ya kuungua inapanda sufuria nzima.

HAMISI: Nitajuaje umetosha?

ZUHURA: Usilazimike kuumaliza. Supu ikianza kuuvika upawa, simama. Itaendelea kuwa nzito yenyewe. Sasa ndiyo unatia tambi, konzi moja iliyovunjwa, na iendelee dakika kumi au kumi na tano. Unga mbichi una ladha ya chaki, ukionja na bado unauhisi, hujamaliza. Na usifunike. Ukifunika baada ya unga itafura na kumwagika juu ya jiko.

HAMISI: Wengine nimeona wanatia mchele badala ya tambi.

ZUHURA: Unafaa, ila mimi tambi. Mchele unaendelea kunywa maji, ukigeuka unakuta bokoboko. Yai lililopigwa mwishoni nalo wapo wanaotia, hilo sina ugomvi nalo.

HAMISI: Hivi nyanya nazo ni za zamani humo?

ZUHURA: Haziwezi kuwa. Nyanya asili yake bara la Amerika, na zimefika Afrika Kaskazini baada ya safari za Wahispania. Hata leo kuna harira nyeupe isiyo na nyanya kabisa. Ndiyo maana nasema, ukitaka kubana matumizi punguza nyama, hata iache kabisa, dengu na adesi zinabeba. Unga na majani usiguse.

HAMISI: Na ikibaki?

ZUHURA: Kesho utaikuta imeganda. Ongeza maji ya moto kidogo kidogo, moto mdogo, koroga. Kamulia ndimu, nyunyiza giligilani mbichi.

HAMISI: Na pilipili mbuzi.

ZUHURA: Kwenye bakuli lako.