Kipya Kinyemi: Kabla Hamjahamia Fremuweki Mpya

Ndugu zangu, hamjambo. Asanteni kwa kunialika hapa Mbeya, na poleni na baridi hii ya Julai. Naona wengine mmekuja na makoti mawili.

Nimeombwa nizungumzie lini timu ihamie fremuweki mpya, yaani kiunzi kipya cha kujengea programu. Swali hili mara nyingi huniletea mtu ambaye ameshalijibu mwenyewe. Kijana ameangalia video, ametengeneza kijiprogramu kwa nusu saa, kesho yake anataka mfumo mzima uandikwe upya. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mimi nitawaomba mtazame jambo moja: fremuweki hiyo inawatendeaje watu waliokwisha kujenga nayo?

Chukueni AngularJS, fremuweki ya kujengea kurasa za wavuti. Google waliitoa mwaka 2010, ikapendwa sana. Septemba 2016 ikaja Angular 2, jina karibu lile lile, ndani kitu kingine kabisa. Kuhama kulimaanisha kuandika upya sehemu kubwa ya kodi, yaani maandishi ya programu. Mwisho wa 2021 Google wakaacha kuihudumia ile ya kwanza. Sasa tazameni React ya Facebook, iliyotolewa kwa umma 2013. Mwaka 2019 ilileta huksi, namna mpya ya kuandika, lakini vipande vya zamani vilivyoandikwa kwa klasi, ule mtindo wa awali, viliendelea kufanya kazi. Vue, fremuweki nyingine ya namna hiyo, imekaa katikati: toleo la 3 lilitoka 2020, na la 2 likahudumiwa hadi Desemba 31, 2023. Habari hizi zote zimo kwenye kurasa za matoleo. Zinachosha, sikatai, ila zisomeni kabla ya kuangalia video.

Leseni nayo isomeni. Mwaka 2017 Facebook walilazimika kuiweka React chini ya leseni ya MIT, isiyo na masharti mengi, baada ya watu wengi kulalamikia kifungu cha hataza, yaani haki za uvumbuzi.

Haya, tushuke Mbozi. Tuseme chama cha msingi cha wakulima wa kahawa kina mfumo uliojengwa kwa Laravel, fremuweki ya lugha ya PHP. Jioni, foleni ndefu mbele ya mzani, karani ana simu ya bei nafuu yenye kioo kilichopasuka pembeni. Anaingiza namba ya mwanachama, anaingiza kilo, anabonyeza Hifadhi, mtandao unakata. Anabonyeza tena. Je, mkulima ameandikiwa kilo mara mbili?

Ukurasa huo ndio wa kujaribia. Ujengeni huo mmoja kwa fremuweki mpya, kisha mpeni karani autumie kwenye simu yake mwenyewe. Laptopu zenu zitawadanganya. JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari, ikishapakuliwa, simu bado ina kazi ya kuichambua na kuiendesha, na prosesa dhaifu hukwama hapo hapo hata kama bando limejaa.

Halafu ulizeni nani atairithi kodi hiyo. Aliyeijenga akipata kazi Dar, mtampata hapa Mbeya mtu wa kuishika wiki hiyo hiyo? Wa PHP mtawapata bila shida, hata kama nyinyi vijana mnaiona ya kizee.

Kuhama kuna wakati wake. Fremuweki ikishakosa viraka vya usalama, hameni. Watumiaji wakiwa na shida ambayo ya zamani imeshindwa kuitatua, na jaribio likaonyesha mpya inaiweza, hameni pia, lakini kipande kwa kipande. React na Vue zote mbili zinaweza kuwekwa ndani ya ukurasa mmoja tu wa mfumo wa zamani, mengine yakabaki yalivyo.

Chama kile cha Mbozi ningekiacha na Laravel yake. Ningepandisha toleo, kisha nikahakikisha kila pokezi la kahawa linapewa namba yake ya kipekee kwenye simu kabla ya kutumwa, ili karani akibonyeza hata mara tano, seva ione namba ile ile na kuandika kilo mara moja. Hiyo haihitaji fremuweki mpya, na ningeimaliza kabla msimu ujao wa mavuno haujaanza.