Diski ya Wingu Inaombwa Mafaili Usiyoyajua: Jinsi ya Kumjua Anayeomba

Karibuni. Leo tuko kwenye Ubuntu na rclone, programu inayounganisha hifadhi ya mtandaoni na kompyuta, kwa wale mliounganisha Google Drive ikawa inaonekana kama folda ya kawaida ndani ya kompyuta. Umechungulia logi (faili ambamo programu huandika inachofanya) ukakuta kuna kitu kinaulizia .hidden, .Trash-1000, hata autorun.inf, mafaili ambayo hujawahi kuyaweka huko. Au hujachungulia logi, ila bando linakatika na wewe hujagusa kitu. Haya ni mambo mawili tofauti, na kazi yetu leo ni kuyatenganisha.

Anza kwa kuiondoa diski, halafu uiunganishe upya ukiiagiza rclone iandike kila inachoulizwa:

fusermount -u ~/wingu
rclone mount gdrive: ~/wingu -vv --log-file ~/rclone.log

Hapo kwenye gdrive weka jina ulilochagua wakati wa kusanidi, na kwenye wingu weka folda yako. Hizo ni v mbili. Ukiweka moja, tunachokitafuta hakitaandikwa. Teminali hiyo iache wazi. Fungua ya pili, andika:

tail -f ~/rclone.log | grep -E 'Lookup|Open|openRange'

Sasa ingia kwenye folda ya wingu kwa dirisha la mafaili kama kawaida, jicho likiwa kwenye teminali. Mnaona mistari inavyoshuka? Huu hapa: Lookup: name=".hidden". Dirisha la mafaili linauliza kama kuna orodha ya vitu ulivyotaka vifichwe. Ule wa .Trash-1000 unatafuta kapu la taka la mtumiaji namba 1000, ambayo kwa kawaida ndiyo namba ya mtumiaji wa kwanza Ubuntu. Autorun.inf ndiyo inayowatisha wengi kwa sababu virusi vya flashi viliitumia sana kwenye Windows. Hapa mfumo unaitafuta tu kujua jina na ikoni ya diski. Ukiona .git, mara nyingi ni programu unayoandikia msimbo wa kompyuta (code).

Maombi ya namna hii hayali bando. rclone ikishasoma orodha ya folda, huishika kwenye kumbukumbu kwa dakika 5, na jibu la "hakuna faili hilo" linatoka humo humo kwenye kompyuta yako. Kwa hiyo usihangaike kuyazuia moja moja.

Mstari wa kuogopa ni huu: Open, ukifuatiwa na ChunkedReader.openRange at 0 length 134217728. Hapo faili limefunguliwa na data inavutwa. Namba hiyo ndefu ni baiti, sawa na MiB 128 (MiB ni kubwa kidogo kuliko MB), kipande ambacho rclone huomba kwa mara ya kwanza. Haimaanishi zote zimeshuka, maana programu ikifunga faili, upakuaji unakatwa. Lakini rclone husoma mbele hadi MiB 16 kwa kila faili lililofunguliwa. Picha ya simu ya MB 4 inaweza kushuka yote kwa ajili ya kijipicha tu, ile picha ndogo inayoonyeshwa kwenye dirisha la mafaili. Piga hesabu folda ya harusi yenye picha mia tano!

Ukishaiona Open, mtafute mhusika kwa fuser, amri inayoorodhesha programu zinazotumia diski:

fuser -vm ~/wingu

Msiweke sudo, ile ya kuendesha amri kama root, msimamizi mkuu wa kompyuta. Diski ya namna hii huonwa na aliyeiunganisha peke yake, hata root hukataliwa, labda uwe umeongeza --allow-other. Na kama umeiongeza, mkumbuke updatedb, ile inayotengeneza orodha ya locate, amri ya kutafuta mafaili: inaweza kupita folda zote, hivyo ongeza njia ya folda yako kwenye PRUNEPATHS ndani ya /etc/updatedb.conf.

Orodha ya fuser isipoonyesha programu yoyote, rudia mara kadhaa, kwa sababu programu nyingine hufungua na kufunga kwa kufumba na kufumbua. Isipopatikana bado, funga programu moja baada ya nyingine mpaka logi itulie. Mimi huanza na dirisha la mafaili, kwa sababu mara nyingi vijipicha ndivyo vinavyokula bando. Ingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya vijipicha, chagua visionyeshwe kabisa.

Kuna mnaohofia kwamba ni mdukuzi. Logi hii huandika maombi ya programu zilizo kwenye kompyuta yako tu. Aliyeingia kwenye akaunti yako kutoka mahali pengine hataonekana hapa. Huyo mtafute kwenye ukurasa wa usalama wa akaunti ya Google, kwenye orodha ya vifaa vilivyoingia.

Mwisho, ondoa diski tena kwa ile amri ya kwanza, kisha uiunganishe hivi:

rclone mount gdrive: ~/wingu --vfs-cache-mode full --vfs-cache-max-age 24h --dir-cache-time 12h

Sehemu ya faili iliyokwisha kusomwa itabaki kwenye kompyuta kwa saa 24, haitashuka upya. Zile saa 12 za orodha ni salama kwa Google Drive, kwa kuwa rclone huulizia mabadiliko kila dakika. Kwenye hifadhi za S3, aina nyingine ya hifadhi ya wingu iliyoanzishwa na Amazon, haiwezi kufanya hivyo, basi huko acha dakika 5 zake. Kama unasoma tu, ongeza --read-only, na hilo kapu la taka halitaundwa kamwe. Sasa futa rclone.log, maana kwa v mbili hujaa upesi sana.