Gemu Waliyoipima Siyo Tunayoicheza

AKINYI: Karibuni tena wasikilizaji. Tunarekodi hapa Kondele, Kisumu, kwa hivyo mkisikia bodaboda zinapita msishangae. Mimi ni Akinyi.

WAFULA: Na mimi ni Wafula. Mada ya leo imenikaa rohoni muda mrefu. Gemu ikitoka, kabla hata hujaiona dukani, tayari ina namba. Tisini. Themanini na nne. Sabini na sita. Watu wanabishana juu ya hiyo namba kama matokeo ya KCSE. Swali langu ni moja tu: hiyo namba ilipimwa kwa mashine gani ya kuchezea?

AKINYI: Kabla ya hapo, wasaidie wale ambao hawajui inakotoka.

WAFULA: Metacritic ndiyo kubwa, iko tangu 2001. Wanakusanya uhakiki wa majarida na tovuti mbalimbali, kila mmoja unageuzwa kuwa alama kati ya 0 na 100, halafu wanapiga wastani. Ila si wastani wa darasani. Wahakiki wengine wanapewa uzito kuliko wenzao, na Metacritic hawatangazi nani ana uzito gani. Ikifika 75 kwenda juu inawekwa rangi ya kijani. OpenCritic walikuja 2015 na wao wana namna yao. Huko Japani kuna Famitsu, wahakiki wanne, kila mmoja anatoa alama kwa 10, jumla 40.

AKINYI: Na msidhani ni mambo ya mashabiki tu. Fallout: New Vegas ilipotoka 2010, watengenezaji wake, Obsidian, walikuwa na makubaliano kwamba wakifika 85 Metacritic watalipwa bonasi. Walipata 84.

WAFULA: Alama moja.

AKINYI: Alama moja, bonasi ikaenda. Mmoja wa waliobuni gemu hiyo alilisema waziwazi 2012. Watu wamefanya kazi, gemu imependwa mpaka leo, halafu mhakiki mmoja mahali fulani ameamka vibaya akatoa 7 badala ya 8. Mimi hapo ndipo nilianza kuichukia namba.

WAFULA: Basi tuje kwa ile iliyonichukiza mimi. Cyberpunk 2077, tarehe 10 Desemba 2020. Kampuni ya CD Projekt Red ilikuwa imewapa wahakiki nakala za kompyuta peke yake. Za PlayStation 4 na Xbox One hawakupewa kabla ya siku yenyewe. Na hata hizo za kompyuta, hawakuruhusiwa kutumia picha walizorekodi wenyewe kwenye video zao mpaka gemu itoke; walipewa picha za kampuni. Alama zikaja nzuri, toleo la kompyuta liko 86. Mtu wa PS4 akaona 86, akanunua.

AKINYI: Akafungua akakuta nini?

WAFULA: Gemu inakwama, inajizima, sura za watu zinachelewa kutokea, magari yanajitokeza kutoka hewani. Wahakiki walipoipata hiyo ya PS4, alama ikawa 57. Fikiria: gemu moja, jina moja, kasha moja, na kati ya hizo mbili kuna alama 29. Sony, wenye PlayStation, waliiondoa kwenye duka lao tarehe 18 Desemba, wakaanza kurudisha pesa. Ikarudi dukani Juni 2021.

AKINYI: Lakini wengi wanasema waliirekebisha.

WAFULA: Wanasema kweli, na hapo ndipo nataka msikilizaji wa Kisumu anisikie vizuri. Lile sasisho kubwa, 2.0, lililofanya watu waanze kuisifu upya, lilitoka Septemba 2023. PS4 haikupewa. Lilikuwa la PS5, Xbox mpya na kompyuta. Kwa hiyo ukisoma leo kwamba Cyberpunk imekuwa gemu nzuri sana, hilo ni kweli kwa mwenye PS5. Wewe mwenye PS4 uliachwa njiani.

AKINYI: Na ukizunguka humu mtaani, vyumba vya gemu vingi bado ni PS4.

WAFULA: Ndiyo maana nauliza mashine gani.

AKINYI: Naomba nichukue hapo, kwa sababu gemu inayochezwa zaidi kwenye hivyo vyumba si Cyberpunk, ni mpira. Mshindi anabaki kwenye kiti, aliyefungwa anapisha, pedi inapita mkononi bado ina jasho la mwenzako. EA Sports FC, ile iliyokuwa FIFA mpaka walipoachana na jina hilo, FC 24 ikawa ya kwanza, Septemba 2023. Soma uhakiki wowote wa FC 24: utaambiwa kuhusu HyperMotionV, namna wachezaji wanavyokimbia kama binadamu, kwamba miendo ilichukuliwa kutoka mechi halisi. Teknolojia hiyo haimo kwenye PS4!

WAFULA: Haimo kabisa.

AKINYI: Kwa hiyo kijana anayelipia mechi yake pale Manyatta anacheza gemu ambayo karibu hakuna mhakiki aliyeikalia. Hakuna aliyemwambia kama pasi zinachelewa, kama golikipa wa PS4 ana akili, kama ni ile ile ya mwaka jana imebadilishwa jezi. Na hilo la mwisho ndilo swali analouliza mwenye chumba cha gemu kila Septemba, kwa sababu anatoa pesa zake. Gemu mpya ya PS5 ni dola 70, hiyo ni karibu shilingi elfu tisa. Hata ya PS4 si pesa ya kuchezea.

WAFULA: Wahakiki wa kulipwa huwa wanaipa FC alama za sabini na kitu kila mwaka, wachezaji wenyewe wanaipa alama za chini kabisa kwa hasira. Mimi sizifuati zote mbili. Wa kwanza wanapima wiki ya kwanza, kabla ya lile soko la ndani ya gemu la kadi za wachezaji wa mpira kuanza kuwakamua watu. Wa pili wanapima machungu.

AKINYI: Machungu pia ni habari, Wafula.

WAFULA: Ni habari, sikatai. Lakini The Last of Us Part II ilipotoka Juni 2020, wahakiki waliipa 93, na siku hiyo hiyo maelfu wakaimwagia sufuri. Gemu ni ndefu, haiwezekani walikuwa wameimaliza. Baada ya hapo Metacritic wakaweka sheria kwamba alama za wachezaji zisubiri saa 36.

AKINYI: Sawa, hao walikosea. Lakini eFootball, ile gemu nyingine ya mpira? Wenye nayo, Konami, walizika jina lake la zamani, PES, wakatoa eFootball 2022 tarehe 30 Septemba 2021. Nyuso za wachezaji zilikuwa zimepinda, macho yametoka, mpira wenyewe unapita kwenye miguu. Wanaocheza kupitia Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, walipiga kelele saa ile ile, na walikuwa sahihi. Metacritic ikaja kuwa 25. Konami wakaomba radhi siku iliyofuata.

WAFULA: Na leo nusu ya vijana ninaowajua wanaicheza kwenye simu.

AKINYI: Hapo umegusa jambo ambalo linaniuma. Simu ndiyo mashine kubwa ya gemu hapa kwetu. Kwenye matatu ya kwenda Kakamega, kwenye foleni ya benki, hosteli za Maseno usiku. Na gemu za simu ndizo wahakiki wakubwa hawazigusi, au wanazigusa juu juu. Nani atakuambia eFootball inakula bando kiasi gani kwa mechi moja? Nani atakuambia simu ya bei ya chini itapata moto dakika ya sitini ya mechi na kuanza kusita?

WAFULA: Sisi.

AKINYI: Ndiyo, inafaa iwe sisi.

WAFULA: Lakini nataka nitetee namba kidogo. Mtu ana pesa ya gemu moja kwa miezi sita. Hana muda wa kusoma kurasa nne za Kiingereza. Akiona 40, anajua akae mbali. Kuna kazi hapo namba inafanya.

AKINYI: Ya chini kabisa, nakubali. Arobaini ni onyo. Shida yangu ni katikati, kati ya 70 na 80. Huko ndiko gemu nyingi nzuri zinalala, na huko ndiko namba haikuambii chochote. Sabini na tano inaweza kuwa gemu ambayo kila mtu ameiona ya kawaida, au gemu ambayo nusu wameipenda sana na nusu wameichoka. Ndiyo maana nilitaka tuizungumzie Tales of Kenzera: ZAU.

WAFULA: Hii nilijua itafika.

AKINYI: Ilitoka Aprili 2024. Imetengenezwa na Surgent Studios ya Uingereza, mwanzilishi wake ni Abubakar Salim, muigizaji mwenye asili ya Kenya, yule aliyekuwa sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins. Alipoteza baba yake, akaifanya hiyo huzuni kuwa gemu. Kijana Zau amefiwa na baba. Anamwendea Kalunga, mungu wa kifo, anamwambia: nitakuletea roho tatu kuu, nawe unirudishie baba yangu. Ana vinyago viwili, cha jua na cha mwezi. Cha jua unapigana karibu, kwa moto. Cha mwezi unapiga kutoka mbali. Unabadilisha katikati ya pigano kwa kubofya kitufe kimoja, na ukishazoea inakuwa ngoma.

WAFULA: Na alama?

AKINYI: Sabini na kitu. Nikasoma kwa nini, na sehemu kubwa nakubaliana nayo. Maadui ni wachache, wanajirudia. Ni fupi. Ukiwa umecheza gemu nyingi za aina hii ya kuruka na kurudi ulikotoka, hakuna ufundi mpya wa kukushangaza. Haya ni makosa ya kweli. Lakini gemu hii unaweza kuicheza yote kwa sauti za Kiswahili. Si maandishi tu. Waigizaji wanazungumza Kiswahili mwanzo mpaka mwisho. Na kwenye uhakiki mwingi niliosoma hilo lilipata sentensi moja, au hakuna.

WAFULA: Kwa sababu aliyeandika hakuweza kulipima.

AKINYI: Hakuweza, na simlaumu. Lakini mimi niliketi pale nikamsikia kijana akimlilia baba yake kwa lugha ambayo nimesikia watu wakiitumia kwenye matanga. Kalunga anamjibu polepole, kama mzee anayejua kuwa huyu mtoto bado hajakubali. Kwa Kiingereza mazungumzo yale yanaweza kuonekana marefu. Kwa Kiswahili niliweka pedi chini nikasikiliza mpaka mwisho. Mimi nikiipima, haiwezi kuwa sabini na kitu. Na sitasema kwamba mhakiki wa London alidanganya. Alipima alichosikia.

WAFULA: Hili lilitokea kinyume kwa Hollow Knight: Silksong, Septemba 2025. Dola 20, hakuna mhakiki aliyepewa nakala mapema, wote tulianza siku moja. Dunia nzima inasifu, lakini Wachina kwenye Steam wanaipa alama mbaya. Kwa nini? Tafsiri ya Kichina ilikuwa imeandikwa kwa lugha nzito, ya kizamani, haisomeki. Steam walikuwa wameanza mwezi uliotangulia kuonyesha alama kulingana na lugha ya mchezaji. Kwa hiyo Mchina aliona tathmini ya Wachina wenzake, na ilikuwa inamfaa yeye.

AKINYI: Sasa ona, tukiandika uhakiki wetu kwa Kiswahili, kwenye simu zetu, kwenye PS4 zetu, anayetafuta kutoka Nakuru au Busia atapata kitu kinachomhusu.

WAFULA: Uchungu ni kwamba Kenzera yenyewe haikutoka kwa PS4. PS5, Xbox mpya, Switch ya Nintendo na kompyuta. Gemu ya Kiswahili, na vyumba vyetu vingi haviwezi kuiwasha.

AKINYI: Hilo lingekuwa kwenye mstari wa kwanza wa uhakiki wangu.

WAFULA: Basi tukubaliane namna ya kufanya kuanzia kipindi kijacho. Kila gemu tutataja mashine tuliyochezea, ukubwa wa kupakua, kama inafunguka bila intaneti, na kama watu wawili wanaweza kuicheza kwenye televisheni moja.

AKINYI: Hilo la mwisho usilipite haraka, maana kwa ndugu wengi ndilo la kwanza. Split Fiction ya Machi 2025, ya Hazelight, ilipata tisini na kitu. Huwezi kuicheza peke yako hata ukitaka. Watu wawili, skrini imegawanywa, nakala moja. Wahakiki walisifu ubunifu, na ni kweli kila sura inaleta mchezo mpya. Kwangu mimi cha thamani zaidi ni kwamba ndugu wawili wananunua kitu kimoja, wanakaa kochi moja, intaneti ikikatika hawajali.

WAFULA: Ila ni PS5.

AKINYI: PS5, Xbox mpya, Switch 2 au kompyuta yenye nguvu, ndiyo, tuliseme. Mwenye PS4 atafute It Takes Two, ya watengenezaji hao hao, 2021. Hiyo ipo kwa PS4, nayo ni ya watu wawili.

WAFULA: Tutaianza hiyo wiki ijayo, kwa PS4, kwenye televisheni ya kawaida. Tutumieni jina la gemu mnayotaka tuipime na mtuambie mnachezea nini.

AKINYI: Na kama ni simu, tuandikieni ni ya aina gani na ina RAM kiasi gani. Usiku mwema.