Macho ya Tawi Husubiri Baridi

Mabibi na mabwana, ndugu wakulima mliotoka Kabare na Walungu, nanyi wanafunzi wa kilimo wa hapa Bukavu, nashukuru kwa kufika.

Wengi mmeniuliza kama amelankia, kichaka cha Kanada chenye matunda ya zambarau yanayokaribia weusi, kitazaa kwenye milima yetu. Nitaanza na tunda lenyewe. Ni dogo, halizidi sana punje ya njegere, na kitakoni lina taji la vijani vikavu kama lile la pera; hiyo ni alama ya undugu wake na tofaa. Ndani mna mbegu laini zinazotoa ladha ya lozi. Wakri, wenyeji wa nyanda za Kanada, waliyakausha na kuyachanganya na nyama iliyotwangwa na mafuta, na jina walilolipa tunda ndilo lililozaa jina la mji wa Saskatoon.

Kikiwa usingizini, kichaka hiki hustahimili nyuzi 40 chini ya sifuri, lakini maua yake huungua kwa jalidi ya nyuzi chache tu. Kwa hiyo mkulima wa kule anauogopa usiku mmoja wa Mei kuliko Januari nzima, na hupanda kwenye mteremko ili hewa baridi ishuke bondeni, jambo ambalo mtu wa Walungu, aliyezoea kuona ukungu umelala mabondeni alfajiri, ataelewa bila kuelezwa. Kichaka huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hadi mitano, na matawi yaliyozeeka hukatwa karibu na ardhi ili machanga yapate mwanga.

Sasa nije kwenye jibu, nanyi mnisikilize kwa makini, maana hapa ndipo watu hupoteza fedha. Siku zinapofupika na baridi kuingia, macho ya tawi, yaani vichomozo vya majani na maua, hujifunga, na hayafunguki sawasawa mpaka yapitiwe na majuma mengi ya baridi. Aina za amelankia ziitwazo Smoky na Thiessen zilichaguliwa kwa majira ya kule. Bukavu, kwenye mita 1,500 hivi, joto hubaki karibu na nyuzi 20 mwaka mzima. Mtofaa wa jirani yangu hapa Bagira unaonyesha matokeo yake: tawi moja lina maua, la pili lina tunda, la tatu limesimama uchi tangu mwaka jana.

Kwa sababu hiyo siwashauri kuagiza miche ya amelankia. Anayetaka tunda dogo jeusi apande forosadi, isiyodai baridi, na anayetaka kuuza haraka apande marakuja. Kuhusu mtofaa, nimemwomba jirani apukutishe majani yote kwa mkono baada ya mavuno, kama wafanyavyo wakulima wa Batu nchini Indonesia, ili macho yafunguke pamoja kabla hayajalala fofofo. Karibuni Septemba, mvua zikianza, tuutazame.