Thurgood Marshall: Miaka Minne Ambayo Watu Huiruka

Haya jamani, habari zenu huko nyumbani! Leo niko Foley Square, Manhattan. Hili jengo nyuma yangu, lenye nguzo nene mbele na paa la dhahabu kule juu kabisa, ndimo inamokaa Mahakama ya Rufaa ya shirikisho, Kanda ya Pili. Rufaa za New York, Connecticut na Vermont zinaletwa hapa. Tangu 2001 jengo linaitwa kwa jina la Thurgood Marshall. Ndani hawaruhusu kurekodi, kwa hiyo tutaongea hapa nje, mnivumilie na honi za teksi.

Marshall wengi mnamjua kama wakili wa kesi ya Brown, ile ya 1954 iliyoharamisha kuwatenga watoto wa shule kwa rangi. Au mnamjua kama jaji mweusi wa kwanza wa Mahakama ya Juu ya Marekani, 1967. Katikati hapo, 1961 hadi 1965, alikuwa jaji wa rufaa. Ndiyo miaka ninayoitaka leo.

Lakini kwanza, Wakenya wenzangu, huyu mzee si mgeni kwetu. Tom Mboya na wenzake walimwomba awe mshauri wao kwenye mazungumzo ya katiba kule Lancaster House, London, 1960. Kabla ya hapo akapitia Kenya. Alienda mkutano wa siasa Kiambu, afisa wa mkoloni akamkataza kuhutubia. Akaomba basi aseme neno moja tu. Jinsi alivyosimulia mwenyewe, akaruhusiwa, akapaza sauti: "Uhuru!" Umati ukalipuka.

Kule London akaandika rasimu ya haki za raia, na ndani yake akaweka kwamba serikali ikichukua ardhi ya mtu lazima imlipe fidia ya haki. Hata kama ni mlowezi. Najua hapo kuna watakaonirushia maneno kwenye komenti, maana ardhi kwetu ni kidonda. Ila mimi naona mzee alikuwa na msimamo mmoja: walio wachache walindwe, iwe ni Mississippi au Nyeri. Kitukuu cha mtumwa anamwandikia mzungu ulinzi wa kisheria, hebu fikiria.

Haya, Septemba 1961 Rais Kennedy anamteua. Seneti ndiyo huidhinisha majaji, na kamati ya sheria ilikuwa mikononi mwa James Eastland wa Mississippi, mtetezi mkubwa wa ubaguzi. Wakamzungusha. Kennedy akatumia mwanya wa Seneti kuwa likizoni, akampa kiti kwa muda. Kwa hiyo jamaa anasikiliza rufaa huku hajui kama atabaki na kazi. Vikao vikaahirishwa wee, mpaka Septemba 1962 ndipo kura ikapigwa: 54 kwa 16. Karibu mwaka mzima, kwa mtu aliyekwisha kushinda kesi chungu nzima katika Mahakama ya Juu!

Sasa kazi yenyewe haina sinema. Hakuna shahidi anayelia, hakuna baraza la wazee wa mahakama, yaani wale raia wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Majaji watatu, kama rufaa za kwetu, mawakili wanapewa dakika chache na wanakatizwa kwa maswali. Mengine yote ni kusoma na kuandika. Na hii ni New York, kwa hiyo Marshall wa haki za raia akajikuta na mafaili ya kodi, meli na hisa. Akajifunza. Hakuna hata hukumu moja aliyoiandika kwa niaba ya majaji walio wengi iliyokuja kutenguliwa na Mahakama ya Juu.

Kuna moja naipenda, ya 1965, Hetenyi dhidi ya Wilkins. Mtu ameshtakiwa kwa mauaji ya daraja la kwanza, baraza likamtia hatiani kwa daraja la pili, lililo jepesi zaidi. Akakata rufaa, akashinda. Jimbo likamrudisha kortini kwa daraja lile lile la kwanza, safari hii akahukumiwa kifo! Hiyo nayo ikatenguliwa, akashtakiwa mara ya tatu, akapatikana na daraja la pili. Marshall akasema hapana. Lile baraza la kwanza lilipochagua daraja la pili lilikuwa limekwisha kumwondolea la kwanza, na jimbo halina haki ya kumshtaki tena kwa hilo. Maana kama kukata rufaa kunaweza kukuletea kamba, nani atathubutu kukata?

Mwaka huo huo Rais Johnson akamwomba awe wakili wa serikali mbele ya Mahakama ya Juu. Kiti cha jaji wa shirikisho ni cha maisha, hakuna kustaafishwa ukifika 70 kama kwetu, na kazi mpya mshahara wake ulikuwa mdogo zaidi. Akaacha, akaenda. Miaka miwili baadaye akapanda Mahakama ya Juu yenyewe. Na 1969, katika Benton dhidi ya Maryland, mahakama hiyo ikaamua kwamba hakuna jimbo lolote Marekani linaloruhusiwa kumshtaki mtu mara mbili kwa kosa moja. Hukumu ya wengi aliandika Marshall.

Mkitaka nieleze jinsi Seneti inavyowahoji majaji siku hizi, andikeni hapo chini. Wacha niwahi treni.